Usugu wa dawa: wanachojifunza madaktari wa kesho na wanachokikuta Paya

Mtoto anapopandwa na homa usiku wa manane katika vijiji vya Paya, wilayani Tororo, mashariki mwa Uganda, mzazi wake huwa na njia tatu mbele yake. Aweza kusubiri kukuche ampeleke katika kituo cha afya cha serikali, ambako matibabu hayalipiwi tangu mwaka 2001, lakini ambako dawa huenda zimekwisha. Aweza kugonga mlango wa duka la dawa lililo jirani, ambako dawa zipo lakini muuzaji si daktari. Au aweza kufunua mfuko wa vidonge vilivyobaki kutoka kwa mgonjwa wa mwezi uliopita. Iwe njia yoyote atakayoifuata, ni rahisi mno mtoto huyo kuishia kupewa antibiotiki, hata kama maradhi yake hayatibiwi kwa antibiotiki.

Wasikilizaji wetu waliokulia upande wa Padhola, Busia, Malaba au popote pale Afrika Mashariki wanaifahamu hali hiyo bila kusimuliwa. Lisilofahamika sana ni kwamba mtoto huyo, akifikishwa kituoni, huenda akapokewa na mwanafunzi wa udaktari aliyetumwa kijijini kwa mafunzo ya wiki kadhaa. Vyuo vikuu vya Uganda vina desturi ya kuwapeleka wanafunzi wao wa tiba katika vituo vya mashambani ili wajifunze kazi katikati ya jamii. Kimojawapo ni Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, ambacho makao yake makuu yako wilayani Busia, kando ya barabara kuu ya Tororo kwenda Jinja. Kitivo chake cha sayansi za afya kiko Mbale na kilianza kupokea wanafunzi mwaka 2013.

Swali la makala hii ni hili: je, mwanafunzi huyo anauelewa usugu wa bakteria dhidi ya dawa? Na akiuelewa, je, uelewa wake unamsaidia mtoto aliye mbele yake?

Ukubwa wa tatizo

Kwa mujibu wa uchambuzi uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwezi Januari mwaka 2022, watu milioni 1.27 walifariki dunia mwaka 2019 kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria walioshinda dawa. Wengine wengi zaidi walifariki wakiwa na maambukizi ya aina hiyo. Jumla ya vifo vyote vilivyohusishwa na usugu ilifikia milioni 4.95. Uchambuzi mwingine wa Septemba 2024 ulikadiria kwamba, mambo yakiendelea yalivyo, watu zaidi ya milioni 39 watakufa kwa sababu hiyo kati ya mwaka 2025 na 2050.

Mzigo huo haukugawanyika kwa usawa. Mwaka 2019 eneo lililoumia zaidi lilikuwa Afrika Magharibi kusini mwa Sahara, kwa vifo 27.3 kwa kila watu 100,000. Eneo lililoumia kidogo kuliko yote lilikuwa Australia na jirani zake, kwa vifo 6.5. Msikilizaji anayeishi Australia huku mama yake akiishi Tororo ana mguu mmoja katika kila upande wa hesabu hiyo.

Neno linalotuchanganya

Kabla ya kuwauliza wanafunzi wanajua nini, inafaa tujiulize sisi wenyewe tunasikia nini neno "usugu" linapotamkwa. Anayefanya kazi ya kutafsiri habari za afya hukutana na mtego huu kila mara. Sugu, kwa maana yake ya asili, ni ile ngozi ngumu inayoota kiganjani mwa mkulima aliyeshika mpini wa jembe kwa miaka mingi. Sugu huota mwilini. Kwa hiyo msikilizaji anapoambiwa juu ya "usugu wa dawa", ni kawaida kabisa afikiri kuwa ni mwili wa mgonjwa uliokomaa kwa kuzoea dawa. Zaidi ya hapo, tunaita kisukari na shinikizo la damu "maradhi sugu", kwa maana ya maradhi yasiyopona upesi. Neno moja limebebeshwa mizigo mitatu.

Kosa hili haliwahusu Waswahili peke yao. Mwezi Novemba 2015 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya maoni ya watu wapatao elfu kumi katika nchi 12. Asilimia 76 ya waliohojiwa waliamini kwamba usugu hutokea pale mwili wa mtu unapoizoea dawa. Asilimia 64 waliamini kwamba antibiotiki hutibu mafua, ilhali mafua husababishwa na virusi, na antibiotiki haziviui virusi.

Wataalamu wa Tanzania wamejaribu kuuondoa utata huo kwa kutumia maneno marefu zaidi: usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa kifupi UVIDA. Jina hilo halivutii masikioni, lakini linaweka jambo mahali pake. Anayekuwa sugu ni kimelea. Mwili wa mgonjwa unabaki vilevile.

Ni sawa na shamba linalonyunyiziwa dawa ya magugu. Dawa huangamiza magugu mengi, lakini machache yenye maumbile tofauti hubaki. Hayo machache ndiyo yatakayotoa mbegu za msimu ujao, na baada ya misimu kadhaa shamba zima hujaa magugu yasiyosikia dawa. Bakteria hufanya hivyo kwa kasi ya kutisha, kwani baadhi yao, wakipata mazingira mazuri, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Tena wana uwezo ambao magugu hayana: hupeana vinasaba vya usugu wao kwa wao, hata wakiwa wa jamii tofauti.

Tofauti kati ya "mwili umezoea" na "bakteria wameshinda" ina matokeo makubwa. Anayeamini kwamba ni mwili uliozoea atasema: mimi si mlevi wa dawa, kwa hiyo sina hatari. Lakini bakteria sugu huambukizwa. Mtoto mchanga ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja anaweza kuwapata kutoka kwa mama, kutoka mikono ya mhudumu au kutoka kitanda cha wodi, akaugua na dawa ya kwanza isimsaidie.

Tafiti zinasema nini kuhusu wanafunzi

Katika mwaka 2021 na 2022 zilichapishwa tafiti zilizowahoji wanafunzi wa udaktari na wa fani nyingine za afya katika vyuo vikuu vya Uganda kuhusu suala hili. Picha inayojitokeza haisemi kwamba wanafunzi ni wajinga. Wengi wamelisikia tatizo, wanalitaja kuwa kubwa, na wanaweza kueleza chanzo chake. Pamoja na hayo, wengi walisema wanahitaji mafunzo zaidi, hasa katika jambo la vitendo: kuchagua dawa ipi, kwa mgonjwa yupi, kwa siku ngapi.

Utafiti mwingine, wa Kinshasa, uliochapishwa mwaka 2013, unatupa somo la ndani zaidi. Madaktari na wanafunzi wa udaktari 184 walijibu maswali ya kupima ujuzi wao wa matumizi sahihi ya antibiotiki. Wastani wao ulikuwa alama 4.9 kati ya 8. Zaidi ya asilimia 85 waliuona usugu kuwa tatizo la nchi nzima. Lakini walipoulizwa kuhusu mahali pao wenyewe pa kazi, walilipa tatizo uzito mdogo zaidi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Usugu unaeleweka kama habari ya ulimwengu, ya taifa, ya hospitali kubwa. Unaonekana kama moshi wa jirani. Daktari anayeamini kwamba wagonjwa wake hawajafikiwa ataandika dawa ileile aliyoizoea, na kila cheti anachoandika kinampa bakteria nafasi nyingine.

Je, Afrika Mashariki haijafikiwa? Mradi wa utafiti uliopewa jina la Kiswahili, HATUA, uliwachunguza wagonjwa wenye dalili za maambukizi ya njia ya mkojo nchini Kenya, Tanzania na Uganda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba, miongoni mwa waliothibitishwa kuwa na bakteria, zaidi ya nusu nchini Tanzania na Uganda, na zaidi ya theluthi moja nchini Kenya, walikuwa na bakteria wenye usugu kwa makundi kadhaa ya dawa kwa pamoja. Maambukizi ya njia ya mkojo ni ugonjwa wa kila siku, hasa kwa wanawake. Moshi umekwisha kuingia ndani ya nyumba.

Kutoka darasani hadi kituoni

Tumfuate sasa mwanafunzi wetu mpaka kituo cha afya cha mashambani. Mezani pake ameletwa mtoto mwenye homa. Tororo ni miongoni mwa maeneo yaliyojulikana kwa malaria kali kuliko karibu mahali pengine popote. Eneo la Nagongera, katika wilaya hiyohiyo, limetafitiwa kwa miaka mingi kwa sababu hiyo. Mwanafunzi anampima mtoto malaria kwa kipimo cha haraka. Jibu linasema hana malaria.

Darasani amefundishwa kwamba homa nyingi za watoto husababishwa na virusi na hupona zenyewe, na kwamba antibiotiki itolewe panapokuwa na dalili za bakteria, kama vile nimonia. Lakini hapa hakuna maabara ya kuotesha bakteria na kuwajaribu kwa dawa mbalimbali. Hata ingekuwapo, majibu huchukua siku mbili au tatu. Mama ametembea kwa miguu tangu alfajiri, na hana hakika kama ataweza kurudi kesho. Mhudumu mwenyeji, aliyefanya kazi hapo kwa miaka mingi, anajua kwamba mtoto akizidiwa usiku lawama itakuwa juu ya kituo. Kalamu inaandika amoksilini.

Haya si mawazo ya kubuni tu. Mwaka 2017 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa tafiti zilizohusisha wagonjwa zaidi ya laki tano, wengi wao katika nchi za Afrika, Uganda ikiwamo. Miongoni mwa waliopimwa na kukutwa na malaria, asilimia 40 waliandikiwa antibiotiki. Miongoni mwa waliokutwa hawana malaria, walioandikiwa walikuwa asilimia 69. Kipimo kilichokusudiwa kuzuia matumizi ovyo ya dawa za malaria kilisukuma mkono wa mtabibu kwenye kopo jingine.

Hapo inaonekana kwamba mtihani wa karatasi haupimi kila kitu. Mwanafunzi anaweza kupata alama zote kwa kueleza usugu ni nini, kisha akaandika dawa isiyohitajika saa mbili baadaye, kwa kuwa hana kipimo cha kumpa ujasiri, wala hana mkubwa wa kazi anayemwambia kwamba kusubiri nako ni tiba. Wanafunzi hujifunza kwa kuangalia mikono ya wakubwa wao zaidi kuliko kwa kusoma vitabu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na daktari naye ni vivyo hivyo.

Liko jambo la lugha pia. Mwanafunzi aliyesomea tiba kwa Kiingereza anatakiwa amweleze mzee wa Paya, kwa Kidhopadhola, kwa nini leo hapewi kidonge. Asipokuwa na maneno, ni rahisi zaidi kutoa kidonge. Mafunzo ya wiki kadhaa vijijini yangeweza kuwa shule ya maneno hayo, kama yangepangwa kwa lengo hilo.

Hata wito maarufu wa "maliza dozi" unahitaji maelezo. Tangu mwaka 2017 baadhi ya wataalamu wamehoji msingi wake, wakionyesha kwamba kwa maambukizi kadhaa dozi fupi hufanya kazi sawa na ndefu, na kwamba kadiri mtu anavyokaa muda mrefu na antibiotiki ndivyo bakteria wa kawaida wa mwilini wanavyopata nafasi ya kujenga usugu. Ushauri kwa mgonjwa haujabadilika: afuate maagizo ya mtabibu wake, asikatishe wala asiongeze kwa hiari yake. Ila daktari wa kesho hana budi kujua sababu ya idadi ya siku anazoandika.

Duka, zizi na mpaka

Antibiotiki haipitii kituo cha afya pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ambao Nagongera ilikuwa mojawapo ya maeneo yake, uliziuliza kaya na wafugaji wa Uganda kuhusu antibiotiki wanazozitumia. Majina yaliyotajwa sana ni yale yanayofahamika kila nyumba: amoksilini, kotrimoksazoli ambayo wengi huiita Septrin, na metronidazoli ambayo wengi huiita Flagyl. Sheria inataka dawa hizo zitolewe kwa cheti cha mtabibu. Dukani, kinachoamua mara nyingi ni fedha iliyopo mfukoni: mwenye ya vidonge sita atauziwa sita.

Kuna na zizi. Wakulima wa Tororo na Busia hufuga nguruwe, kuku na ng'ombe karibu kabisa na nyumba zao, na mifugo nayo hutibiwa kwa antibiotiki, mara nyingi bila daktari wa mifugo. Kinyesi huingia shambani na majini, na bakteria hawatofautishi mtu na mnyama.

Kisha kuna mpaka. Busia na Malaba ni milango mikubwa ya biashara kati ya Kenya na Uganda. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilifunguliwa rasmi na marais wa nchi hizo mbili mwezi Februari 2018 ili kurahisisha safari. Watu huvuka kutafuta soko, ndugu na matibabu. Mgonjwa aliyeanza dawa upande mmoja anaweza kumalizia upande wa pili, kwa mtabibu asiyejua alichomeza wiki iliyopita. Kenya ilizindua mpango wake wa kitaifa wa kupambana na usugu mwaka 2017 na Uganda mwaka 2018. Bakteria wanaovuka Busia hawagongewi muhuri na upande wowote.

Fedha na ahadi

Tarehe 26 Septemba 2024, viongozi wa dunia waliokutana katika Umoja wa Mataifa, New York, waliahidi kupunguza kwa asilimia 10 vifo vinavyohusishwa na usugu ifikapo mwaka 2030. Walikubaliana pia kwamba angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa na binadamu ziwe za kundi la kwanza katika orodha ya Shirika la Afya Duniani, yaani dawa zisizochochea usugu sana na zenye bei nafuu, huku dawa kali zikitunzwa kwa wagonjwa wasio na njia nyingine.

Ahadi hizo zinahitaji maabara. Hapo ndipo penye wasiwasi. Mfuko wa Fleming wa serikali ya Uingereza, ulioanzishwa mwaka 2015, ulisaidia kujenga uwezo wa maabara katika nchi nyingi, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 2025 serikali hiyo ilitangaza kwamba inausitisha ufadhili huo. Bila maabara, daktari kijana anabaki kuandika kwa kubahatisha, hata awe amefundishwa vizuri namna gani.

Haifai pia kusahau upande wa pili wa sarafu. Wapo watoto wengi Afrika wanaokufa kwa kukosa antibiotiki ile ya kawaida kabisa, kwa nimonia ambayo amoksilini ingeiponya. Sera itakayofunga maduka ya vijijini bila kujaza makabati ya vituo vya afya itaokoa dawa na kupoteza watoto. Somo ambalo mwanafunzi wa udaktari anatakiwa kulielewa ni gumu kwa sababu lina pande mbili: kumpa dawa kila anayeihitaji, na kumnyima kila asiyeihitaji, kwa heshima na kwa maelezo.

Sisi tulio mbali

Mwaka 1945 Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alipokea Tuzo ya Nobel pamoja na Ernst Chain na Howard Florey, mtaalamu mzaliwa wa Adelaide. Katika hotuba yake ya tuzo hiyo Fleming alitoa onyo: mtu asiye na ujuzi akijipa dozi pungufu, atawafundisha bakteria kuishinda dawa. Imepita miaka themanini.

Kwa wasikilizaji wetu wa Australia jambo hili linagusa mambo ya nyumbani kabisa. Hapa, kwa kawaida, antibiotiki za kumeza haziuzwi bila cheti cha daktari, na baadhi yetu, tukiona daktari ametuambia turudi tukanywe maji na kupumzika, hudhani tumepuuzwa. Huenda tumehudumiwa vema. Wengine hurudi kutoka likizo na vidonge vya akiba kwenye sanduku, au huvigawa kwa rafiki anayekohoa. Na wengi wetu hupokea simu ya usiku kutoka nyumbani: mtoto anaumwa, tuma hela ya dawa.

Hela hiyo tutaituma, hakuna atakayekataa. Lakini pamoja na hela tunaweza kutuma swali: amepimwa? Nani ameandika dawa hiyo, na ni ya nini? Mara nyingine nauli ya kufika kituoni na gharama ya kipimo zitamfaa mtoto kuliko bei ya vidonge. Na mtabibu kijana aliyeko Paya, akiulizwa maswali hayo na familia, atajua kwamba kuna watu watakaomwelewa siku atakapoamua kutoandika antibiotiki.